Asante, mama wa Portobello Road

Kwa mama muuza vito vya kale wa Portobello Road, London: asante sana kwa kutufundisha kugeuza bruchi (pambo la kubanwa nguoni kwa sindano) na kukagua mgongo wake kwanza, kito baadaye. Nyingi za enzi ya Malkia Victoria zina ndoano wazi isiyo na kufuli, na sindano mara nyingi huchomoza nje ya ukingo. Kufuli ikiwepo, huenda iliongezwa baadaye. Kagua kwa lenzi ya mara 10 kama kuna lehemu ya risasi, ile ya kijivu. Hiyo hushusha bei, na ikipashwa moto hula dhahabu.

Zaidi ya yote, asante kwa onyo la garneti (vito vyekundu) zilizozibwa nyuma: zisioshwe. Maji yakipenya, karatasi ya metali iliyo chini ya kito huharibika na mng'ao haurudi. Kitambaa laini kikavu, basi. Mungu akuzidishie, mama.