Tuonyesheni viti kabla ya kutuuzia tiketi

Ndugu Mhariri,

Msimu wa matamasha umeingia na kurasa zako za burudani zimejaa matangazo: kawaida kiasi hiki, VIP kiasi hiki, VVIP meza ya watu kumi kiasi hiki. Picha ya msanii ipo, namba ya malipo ipo, nembo za wadhamini zimepangwa chini. Kinachokosekana ni kile hasa tunachokilipia: kiti kiko wapi, na mtu akikaa pale ataona nini na atasikia nini.

Naomba nafasi nilisemee hili, kwa sababu wengi wetu tunaamini kuwa kiti cha mbele kabisa ndicho bora, na mapromota wanapanga bei kwa imani hiyohiyo. Kwa macho ni sawa. Kwa masikio, mara nyingi mambo ni kinyume.

Angalia jinsi mitambo inavyofungwa kumbini. Spika za besi huwekwa chini, usawa wa jukwaa au mbele yake. Spika zinazobeba sauti ya mwimbaji na ala za sauti nyembamba huinuliwa juu, zikaelekezwa katikati ya ukumbi na nyuma ili walio mbali nao wasikie. Aliyekaa meza ya kwanza anapigwa na besi kifuani huku maneno ya wimbo yakimpita juu ya kichwa. Kidogo anachokipata kutoka kwa mwimbaji kinatoka kwenye spika za jukwaani, na hizo zimewageukia wanamuziki wenyewe. Dawa yake inajulikana: hupangwa spika ndogondogo kwenye ukingo wa jukwaa kwa ajili ya safu za mbele. Katika shoo zetu ni nadra kuziona.

Nilimpeleka shangazi yangu kwenye usiku wa taarabu katika ukumbi mmoja hapa Dar es Salaam, tukapewa meza ya VIP. Viti vimevishwa vitambaa vyeupe na riboni za dhahabu, maji ya chupa yako mezani, na hatua mbili kutoka bega lake la kushoto limesimama boksi la spika lenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Shangazi ni mtu wa maneno, nyimbo za zamani anazijua beti kwa beti. Wimbo wa pili haujaisha, keshajiziba sikio kwa pindo la mtandio, ananiuliza, "Mwanangu, anasema nini?" Tukaondoka na maji yetu, tukaenda kukaa nyuma kwenye viti vya plastiki, pembeni kidogo ya meza ya fundi mitambo wa sauti. Pale akaanza kuitikia. Tulilipa bei ya mbele, tukasikiliza muziki kwenye viti vya bei ya chini.

Ndiyo maana kila anayeniuliza akate tiketi ya wapi, namwambia kwanza aulize fundi mitambo atakaa wapi. Fundi anapandisha na kushusha kwa kufuata masikio yake mwenyewe, kwa hiyo muziki unapangwa umfae mtu aliyekaa pale alipo yeye. Akiwekwa katikati, akitazamana na jukwaa, viti vinavyomzunguka ndivyo vyenye mlingano mzuri wa sauti na ala. Ukienda pembeni kabisa unabaki na spika za upande mmoja. Ukiegemea ukuta wa nyuma besi inajaa, kwa kuwa mawimbi yake yanagonga ukuta na kurudi. Chini ya roshani sauti inafifia. Linaloniuma ni kumbi zinazomsukuma fundi kwenye kona, hata nyuma ya pazia, ili zipatikane nafasi za meza mbili zaidi. Hapo wanapunjwa waliolipa wote, kwa kuwa anachokisikia yeye sicho kinachowafikia wao.

Taarabu nayo ina hesabu yake. Zanzibar, ambako kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kilianza mwaka 1905, ushairi ndio roho ya shughuli, na ala za nyuzi kama kanuni, udi na fidla zikipigwa bila mitambo mikubwa basi mtu asogee mbele apendavyo, atafaidi hata vidole vya mpiga kanuni vinavyotembea. Lakini kuna kutunza. Msikilizaji akiguswa na ubeti huinuka, akaenda mpaka kwa mwimbaji na noti mkononi, akarudi akicheza taratibu. Mtu wa namna hiyo ukimbananisha katikati ya safu ya viti ishirini umemnyima nusu ya raha yake. Kiti chake ni cha mwisho wa safu, kando ya njia. Na asiyetunza, anayetaka kumwona mwimbaji muda wote, asikae katikati ya mstari wa kwanza, kwani migongo ya watunzaji itamziba. Waandaaji wa taarabu wanalijua vizuri, lakini bado wanatupangia masofa ya wageni rasmi palepale njia inapopita.

Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, Zanzibar, inatufundisha mengi bila gharama kubwa. Ndani yake kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe uliojengwa miaka ya 1990, na kwa miaka mingi tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004, limefanyika humo mwezi wa Februari. Kwenye ngazi zile kichwa cha aliye mbele yako kiko chini ya macho yako. Hakuna riboni wala kitambaa cheupe, jiwe ni gumu na inafaa uende na kanga ya kukunja ukalie, lakini unaona na unasikia. Kumbi zetu nyingi ni sakafu bapa, na mfupi aliyekaa safu ya nane hununua migongo na simu zilizoinuliwa. Jukwaa lingepandishwa, au safu za nyuma zingewekewa mbao za kuinulia viti, malalamiko mengi yangekwisha.

Viwanja vya mpira ni habari nyingine. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde, na uwanja una urefu wa mita 105 hivi. Jukwaa likiwa goli hili, aliye goli lile anaona fimbo ya mpiga dramu inashuka, kisha mlio unamfikia baadaye kwa karibu theluthi moja ya sekunde. Hao wanahitaji spika zao katikati ya uwanja, zilizocheleweshwa kwa makusudi ziende sambamba na za jukwaani.

Kuna jambo siwezi kuliacha, nalo ni afya. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha: sauti isizidi wastani wa desibeli 100 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ndani ya dakika 15. Sisi tunawaweka watoto na wazee kwenye meza zilizogusana na spika, halafu tunawatoza zaidi kwa heshima hiyo. Sikio la ndani likishapoteza vinyweleo vyake vya kusikia, havioti tena. Naomba mapromota waache nafasi tupu mbele ya kila rundo la spika, wasiuze meza hapo hata kama watu wanazitaka.

Ninachokiomba kwao si kikubwa. Tangazo la shoo liwe na mchoro wa ukumbi: jukwaa hapa, spika hapa, fundi hapa, nguzo hapa, kamera hapa. Kiti kilicho nyuma ya nguzo au nyuma ya jukwaa la wapiga picha kiandikwe hivyo na kishushwe bei. Nafasi za watu wa viti vya magurudumu zionyeshwe, na ziwe mahali wanapoona hata wengine wote wakisimama kucheza. Na wewe Mhariri, kabla hujalipokea tangazo la tamasha lijalo, waombe mchoro huo uchapwe pamoja na bei.

Mpenzi wa taarabu,
Temeke, Dar es Salaam