Kabla mdogo wako hajarudi nyumbani

Rehema rafiki yangu,

Salaam nyingi. Nimefurahi kusikia mdogo wako anaruhusiwa kutoka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, wiki ijayo. Usipande basi hapo Dodoma kabla hujapewa barua yenye majina ya dawa, vipimo, na tarehe aliyochomwa sindano ya mwisho. Hiyo tarehe ishike kuliko nauli.

Flufenazini, hiyo sindano yake ya ugonjwa wa akili, huchomwa kwenye msuli wa tako, mara nyingi kila baada ya wiki 2 hadi 4. Imechanganywa na mafuta, kwa hiyo hutoka mwilini polepole. Akikosa sindano haumwi kesho yake. Anaweza kukaa vizuri wiki kadhaa, nyumba nzima mkasema kumbe amepona. Halafu usingizi unakatika, anaanza kujifungia na kushuku chakula. Hapo ndipo watu husema karogwa upya. Piga simu mapema hospitali ya wilaya, uliza kama dawa ipo. Ikiwa imeisha, daktari ambadilishie kwa vidonge, haloperidoli kwa mfano, lakini asikae bure kungoja.

Dawa hizi hukakamaza mwili, hutetemesha mikono, wengine hawatulii kitini. Shingo ikipinda au macho yakageukia juu, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo. Kuna dawa ya kulegeza, kama Artane. Kuna na hili la nguvu za kiume kupungua. Vijana huacha dawa kimyakimya kwa ajili yake. Wewe dada yake hatakuambia, mwachie mumeo amuulize.

Mama naye umwambie mapema: kule kulala mchana na kutojali kuoga si uvivu, mara nyingi ni ugonjwa wenyewe, na dawa huongezea uchovu. Kumkaripia kila siku kunaweza kumrudisha wodini. Mpeni kazi moja ndogo yenye saa yake, kama kulisha kuku asubuhi. Duka na fedha visubiri. Kijiweni kwenye bangi asiende kabisa.

Weka daftari, andika saa alizolala. Akikesha usiku 2 mfululizo, nendeni kliniki, msingoje tarehe ya kadi. Kwa balozi wa nyumba kumi pita kabla mdogo wako hajafika, muachie namba yako, ili siku akipiga kelele wakuite wewe, wasimfunge kamba. Maombi yaendelee, ila siku ya sindano ni ya sindano.

Ukishapata ile barua nitumie picha yake, tuhesabu pamoja tarehe ya sindano ijayo.

Wako,
Neema