Wanaojifunza Kijapani wapewe maneno machache wanayoweza kuyabeba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaandikie wenzangu wanaojifunza Kijapani, pamoja na walimu wao, kuhusu jambo lililonikwamisha mimi kwa karibu miaka miwili, nalo ni kukariri msamiati. Sizungumzii matamshi, kwa kuwa matamshi hayatusumbui sana sisi wasemaji wa Kiswahili. Kijapani kina irabu tano kama zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, kiasi kwamba mtu wa Dar es Salaam akisoma neno la Kijapani lililoandikwa kwa herufi za Kilatini anaeleweka siku ya kwanza, ilimradi azingatie urefu wa irabu, maana obasan ni shangazi na obaasan ni bibi. Shida ni kwamba maneno yenyewe hayakai kichwani. Leo unayajua, baada ya wiki mbili unayatazama kama mgeni.

Mimi ni fundi wa magari, na kwa kazi hii Kijapani nakutana nacho kila siku. Gari lililotumika Japani likifika gereji bado lina maandishi ya huko lilikotoka: stika ya upepo wa matairi kwenye fremu ya mlango wa dereva, na mara nyingi stika ya oili inayotaja tarehe na kilomita za kubadilisha tena. Halafu kuna ile sauti ya mwanamke ambayo madereva wengi wa Tanzania na Kenya wameisikia wanapowasha gari: “Kaado ga sounyuu sarete imasen.” Kwa miaka mingi niliisikia kama mlio wa kengele tu. Siku mteja mmoja aliyewahi kusoma Japani aliponieleza kwamba mama huyo anasema kadi haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia ushuru wa barabara kuu za kule, nilijisikia kama mtu aliyeishi na jirani muongo mzima bila kumsalimia. Mwezi uliofuata nikajiandikisha darasa la jioni.

Darasani tulikuwa tunapewa orodha ya maneno 50 kila wiki, na mtihani kila Jumamosi. Nilisoma kwa zimamoto kama nilivyozoea tangu sekondari: Ijumaa usiku nakaa mezani, kila neno naliandika mara ishirini, Jumamosi napata 45 kati ya 50, kisha orodha ile inafungwa na hakuna anayeiuliza tena. Mwezi wa tatu mwalimu alitupa bila taarifa orodha ya wiki ya kwanza, na mimi niliyekuwa nasifiwa kwa alama nikakumbuka maneno 11. Wenzangu wengi hawakunizidi. Darasa letu lilianza na watu 22, na kufikia mwezi wa sita tulibaki sita, na karibu kila aliyeondoka alitoa sababu ile ile: kichwa changu hakishiki lugha.

Sababu hiyo siiamini tena, na ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka 1885 msomi wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote. Aliona kwamba usahaulifu huenda mbio katika saa za mwanzo na siku ya kwanza, kisha hupunguza mwendo. Aliona pia kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa karibu sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kuandika neno mara ishirini Ijumaa usiku ni kulima shamba moja mara ishirini kwa siku moja ukitumaini mahindi yataota haraka zaidi. Kichwa cha mwenzangu aliyeondoka hakikuwa na kasoro. Alipangiwa kazi kwa namna ambayo kichwa cha mtu yeyote kingeshindwa.

Kuna utafiti mwingine ambao nadhani kila msomaji wa gazeti hili ataupokea kwa moyo wa pekee, kwa sababu ulifanywa kwa maneno yetu. Mwaka 2008 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza, na mashua lilikuwa mojawapo. Mwanafunzi akishalikumbuka neno mara moja, kundi moja liliendelea kulisoma neno hilo bila kuulizwa, na kundi jingine liliendelea kuulizwa bila kulisoma tena. Wiki moja baadaye walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno, na wale walioacha kuulizwa, hata kama waliendelea kusoma, walikumbuka kama theluthi moja hivi. Wanafunzi hao walipotakiwa kabla kubashiri watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalibashiri karibu nusu, maana yake hakuna aliyehisi ndani yake kwamba njia moja inamfaa kuliko nyingine. Hapo ndipo tunapodanganyika. Kusoma orodha tena na tena kunaleta raha ya kulifahamu neno, na raha hiyo tunaichukulia kuwa kumbukumbu.

Nilipousoma utafiti huo nilikumbuka jinsi tunavyowafundisha watoto kusema. Hakuna mama anayemsomea mtoto wake orodha ya majina. Anamshika mkono, anamwonyesha kuku, anamuuliza, “Huyu nani?” na anasubiri. Mtoto akikosea anaambiwa, na kesho anaulizwa tena. Tukishavaa sare za shule tunaacha kuulizwa na kuanza kunakili.

Basi nikapakua kwenye simu programu ya bure inayoitwa Anki, ambayo jina lake ni neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Ilitengenezwa na Damien Elmes na kutoka mwaka 2006, na wazo lake linafanana na sanduku la kadi alilolieleza mwandishi Sebastian Leitner miaka ya 1970: neno unalolijua unaulizwa baada ya muda mrefu zaidi, na ulilolisahau linarudi karibu. Kwa kawaida programu hiyo hukupa maneno mapya 20 kwa siku. Mimi, kwa pupa ya kufidia miezi niliyoipoteza, nikapandisha hadi 30.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Ambacho sikukielewa ni kwamba kila neno jipya ni ahadi ya kurudi kwake kesho, keshokutwa, wiki ijayo na mwezi ujao, na ahadi za siku zote hizo hukutana mlangoni kwa pamoja. Baada ya miezi miwili nilikuwa naulizwa kadi zaidi ya 200 kwa siku, na saa nzima ya jioni ilikuwa inaishia hapo. Kisha mama yangu akalazwa hospitali na siku tisa sikuigusa simu kwa ajili ya Kijapani. Niliporudi nikakuta kadi zaidi ya 900 zinanidai. Nilijaribu jioni moja, nikafika kadi ya 140, macho yakawa mekundu, nikaifunga programu na sikuifungua tena kwa miezi minne. Safari hii nilikuwa nimetumia njia sahihi kabisa, ile ile iliyothibitishwa kwa maneno ya Kiswahili, na bado nilianguka, kwa sababu mzigo nilioubeba ulipimwa kwa nguvu za siku yangu nzuri.

Ndugu Mhariri, kama kuna jambo moja ninalotaka mwanafunzi wa Kijapani alichukue katika barua hii, ni kwamba idadi ya maneno mapya aipime kwa siku yake mbaya. Asiipime kwa Jumapili ya mapumziko. Aipime kwa siku ile ambayo umeme umekatika, foleni imemfikisha nyumbani saa tatu usiku na mtoto ana homa. Je, siku hiyo angeweza kadi ngapi? Mimi jibu langu lilikuwa maneno matano mapya na marudio yasiyozidi 50, ambayo huyamaliza kwenye daladala kabla ya kufika kazini. Nikikosa siku mbili au tatu, nasimamisha maneno mapya kabisa na kulipa deni kidogo kidogo mpaka liishe. Neno sugu linalonishinda kila mara nalifuta bila kinyongo, na kwa kweli programu yenyewe hulitia alama ya usugu neno lililosahauliwa mara nane. Likiwa la muhimu litarudi lenyewe katika maisha.

Najua vijana wengi wataona maneno matano ni dharau. Naomba wafanye hesabu. Maneno matano kwa siku ni 1,825 kwa mwaka. Mtihani wa kimataifa wa Kijapani, ulioanza mwaka 1984, ulipokuwa na ngazi nne ulitaja maneno yapatayo 800 kwa ngazi ya chini na 1,500 kwa ile inayofuata. Tangu ulipobadilishwa mwaka 2010 na kuwa na ngazi tano, waandaaji hawatoi tena orodha, lakini ngazi mbili za chini za sasa, N5 ambayo ni ya chini kabisa na N4 inayoifuata, hazikwenda mbali na zile za zamani. Mtu wa maneno matano anaweza kuufikia msamiati wa N4 ndani ya mwaka mmoja akiwa bado ana usingizi wake na familia yake. Mimi wa maneno 30 mwaka ule niliumaliza nikiwa sina chochote.

Maneno yenyewe nayo yana undugu ambao orodha za darasani huuficha. Msemaji wa Kiswahili anajua bila kufundishwa kwamba soma, somo, msomi na msomaji ni watu wa ukoo mmoja. Katika Kijapani alama inayosomwa den, yenye maana ya umeme, imo katika denki, denwa, densha na denchi, yaani umeme, simu, treni na betri. Na ile sha ya densha, ambayo ni gari, inaonekana tena katika jitensha, ambayo ni baiskeli, na katika shaken, ambao ni ukaguzi wa gari. Hata namna ya kuhesabu, inayowatesa wageni wengi kwa sababu karatasi huhesabiwa kwa neno mai na kalamu kwa neno hon, haipaswi kumshangaza mtu aliyekua akisema kiti kimoja na jiwe moja.

Vilevile yapo maneno yanayofanana na yetu kwa sauti tu, na hayo nimeyatumia kama ndoano. Kuni kwa Kijapani ni nchi, basi namwona mwanamke anavuka mpaka wa nchi na mzigo wa kuni kichwani. Neno hata kwao ni bendera. Neno mimi ni sikio. Neno sumu ni kukaa mahali. Ndoano hizi hufaa kwa maneno machache ya mwanzo, na sitamshauri mtu atafute ndoano kwa kila neno, kwani atatumia muda mwingi kuliko neno linavyostahili. Zaidi ya ndoano, maneno yaliyonishika kwa nguvu kuliko yote ni ya kazini. Stika ya mlangoni imeandikwa kuukiatsu, kuuki ikiwa hewa na atsu ikiwa shinikizo. Neno hilo niliulizwa na simu asubuhi, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimelisoma kwenye magari manne huku nikiwa na kipimo cha upepo mkononi. Sijawahi kulisahau. Kwa hiyo mwenye hoteli aanze na maneno ya mgeni na chumba, na muuguzi aanze na mwili, badala ya wote kuanza na orodha moja ya wanyama na rangi.

Kwa walimu nina ombi, na naliomba kwa heshima kwa sababu najua wanafundisha baada ya kazi nyingine na kwa malipo madogo. Tafadhali wapunguze orodha ya wiki, na nusu ya maswali ya kila mtihani itoke katika wiki zilizopita. Hii ina uzito zaidi sasa, kwa sababu tangu Aprili 2019 Japani imekuwa na viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu inayodai, katika sekta nyingi, angalau ngazi ya N4 au mtihani mwingine wa kiwango hicho cha msingi, na wapo wanaowaambia vijana wetu kwamba miezi mitatu inatosha. Kijana anauza pikipiki yake kulipia kozi ya miezi mitatu, anapewa maneno 1,500 ya zimamoto, na akianguka anaambiwa hakuwa makini.

Mwalimu niliyenaye sasa alikubali ombi hili mwezi Januari. Orodha yetu ni maneno 25 kwa wiki, na Jumamosi iliyopita alituuliza neno la wiki ya pili ambalo hakuna aliyelitarajia. Tulianza tukiwa saba, na wote saba bado tunakuja.

Wako,
Fundi wa magari,
Dar es Salaam