Nafasi ya aliyejitoa ni ya anayefuata

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo linalotuumiza sisi wacheza gemu, hata kama kwa mtu wa nje ni dogo. Mchezaji aliyealikwa kwenye mashindano akijitoa, nani aingie badala yake?

Yamenikuta. Mwaka juzi waandaaji fulani wa mashindano ya mpira wa PlayStation walialika wachezaji 8 kwa kufuata pointi za msimu mzima. Mimi nilikuwa wa 9. Zikiwa zimebaki siku 3, aliyekuwa akiongoza alinyimwa ruhusa kazini, akajitoa. Usiku ule sikuiweka simu mbali, na pedi ya kuchezea gemu nilikuwa nayo mapajani mpaka usingizi ukanichukua. Asubuhi bango likarudi mtandaoni na sura mpya: kijana mwenye wafuasi wengi anayerusha gemu zake mubashara, ambaye msimu ule hakushiriki shindano lolote. Walikuwa wamebandika uso tu. Jezi ilikuwa bado ya yule aliyejitoa, na jina lake begani. Nilipouliza, nikajibiwa kwa maneno matatu: "Ana watazamaji wengi."

Watazamaji ndio wanaoleta wadhamini, hilo nalikubali. Basi kijana huyo apangiwe mechi ya maonyesho kabla ya fainali, alipwe, ashangiliwe. Lakini mkishatangaza kwamba mwaliko ni wa pointi, pointi hizo hizo ziendelee kuita: wa 9, akishindwa wa 10, akishindwa wa 11. Denmark iliingia Euro 1992 badala ya Yugoslavia kwa kuwa ilikuwa ya pili katika kundi lao la kufuzu, na ikaondoka na kombe.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa sataranji. Machi 2020, siku chache kabla ya Mashindano ya Wagombea, yanayomtafuta wa kupambana na bingwa wa dunia, kuanza Yekaterinburg, Urusi, Teimour Radjabov wa Azerbaijan alijitoa kwa hofu ya korona. Akaitwa Maxime Vachier-Lagrave wa Ufaransa, kwa sababu ndiye aliyekuwa akifuata kwa wastani wa viwango, yaani alama za ubora wa wachezaji. Kabla ya hapo Mfaransa huyo alikuwa ameikosa nafasi ya upendeleo, ambayo waandaaji walimpa Mrusi mwenzao, Kirill Alekseenko. Yaani mlango wa upendeleo ulimfungia, orodha ikamfungulia. Mashindano yaliposimamishwa baada ya raundi 7, alikuwa kileleni pamoja na Ian Nepomniachtchi. Naye Radjabov hakutupwa: shirikisho la dunia, FIDE, lilimpa nafasi ya moja kwa moja kwenye Mashindano ya Wagombea ya 2022, Madrid. Huku kwetu yule kijana aliyenyimwa ruhusa kazini hakuna hata aliyempigia simu kumpa pole.

Kuna na hili la ratiba, ambalo wengi hawalioni. Ratiba hupangwa wa kwanza akutane na wa 8, wa pili na wa 7, ili wakali wasimalizane mapema. Mgeni wetu alikalishwa palepale kwenye kiti cha wa kwanza. Kwa hiyo mtu asiye na pointi hata moja alipewa njia nyepesi kuliko wote, ilhali aliyeshika nafasi ya pili kwa jasho la msimu mzima alianza na mpinzani mgumu zaidi. Kama hakuna mechi iliyochezwa, kila mtu asogee juu hatua moja, na anayeingia aanzie chini.

Ninachowaomba waandaaji hakihitaji fedha. Siku mnayotoa majina ya walioalikwa, toeni na majina matatu ya akiba kwa mpangilio, pamoja na siku ya mwisho ya kubadilisha mchezaji. Mjulisheni wa 9 kwamba yeye ndiye wa 9, aombe ruhusa kazini mapema na atafute nauli.

Mchezaji na msomaji wako,
Morogoro