Akina Pangani wa Old Moshi

Zuhura mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku mlimani. Masika yametukuta salama, mama hajambo, anakusalimu sana.

Nakuandikia kwa jambo ambalo nalitaka kutoka kwako wewe mtu wa Tanga. Unakumbuka shuleni walivyokuwa wakiniuliza, "Mchagga gani anaitwa Pangani?" Huku ukitaja jina la ukoo tu, watu wanajua unatoka wapi: Swai na Nkya ni wa Machame, Shirima na Tarimo wa Rombo, Mtui wa Marangu. Sisi hatuna pa kuwekwa. Mdogo wangu alipopeleka posa mwaka huu, wakwe waliuliza swali la haki kabisa: ninyi ni ukoo gani, tusije tukaozesha ndugu? Baba akainama, akanyamaza. Kunyamaza kwake kuliniuma, ndipo nikaanza kuulizia.

Nilianzia usharikani. Kitabu cha ubatizo kimeandikwa kwa ule mwandiko wa Kijerumani wa zamani, herufi zimelala kama nyasi zilizopigwa na mvua, nikasomewa na mwinjilisti mstaafu. Babu yake baba yumo, na palipo jina la mzazi pameandikwa Pangani. Basi. Waliomtangulia hawakubatizwa, hivyo hawamo.

Wazee wanasema Pangani mwenyewe alipanda na msafara akiwa mpagazi, enzi za Mangi Rindi, mtawala wa Moshi, yule ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Inaingia akilini. Misafara ilikuwa ikitoka Pangani, huko kwenu pwani, kuja huku kutafuta pembe za ndovu, na watumwa pia, na Rindi alifanya nayo biashara hadi alipofariki mwaka 1891. Inasemekana aliugua, wenzake wakamwacha, na wenyeji wakamwita kwa alikotoka. Jina alilopewa na mama yake halikubaki kwa mtu yeyote. Hilo, Zuhura, linanitoa machozi hadi leo.

Aliyenisaidia kweli ni mzee mmoja wa mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Akaniambia, "Mwanangu, jina liache kwanza. Kwenu mnafungulia maji baada ya nani?" Nikamjibu: baada ya wale jirani zetu wa juu, penye mimea ya masale minene. Na siku ya kusafisha mfongo tunaitwa pamoja nao. Akasema mfongo ule ulichimbwa na ukoo wao, na zamu ya maji haikutolewa kwa mpita njia. Wao ndio waliomuuguza Pangani, wakampa kihamba, yaani shamba la kujenga na kulima, kisha wakamwoza binti yao. Nilikwenda kwa mkubwa wa ukoo ule, akanithibitishia yote, tena akashangaa kwamba kwetu hatuyajui. Mchumba wa mdogo wangu si wa kwao, kwa hiyo posa imepokelewa.

Umebaki upande wako. Mama mkwe wako kazaliwa Pangani. Naomba umuulize, taratibu tu, kama kwao au kwa majirani kuna habari ya kijana aliyekwenda Uchagga na msafara asirudi, kabla ya Wajerumani kumnyonga Bushiri mwaka 1889. Najua wapagazi walitoka sehemu nyingi, huenda hata hakuzaliwa hapo. Lakini kama kuna mama aliyemngojea, nataka ukoo wake ujue kwamba hakufa njiani, na kwamba tupo.

Kifurushi cha kahawa ni cha mama mkwe, usikifungue.

Wako,
Ndeshi