UNRWA si UNHCR, na deni si ukarimu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipoajiriwa ualimu hadi nimestaafu, na sijawahi kukuandikia. Habari yenu ya Jumatatu kuhusu “ukarimu wa wafadhili” kwa wakimbizi wa Palestina imenishinda.

Mliandika kwamba wakimbizi hao wanahudumiwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa dunia. Sivyo. Walioko Jordan, Lebanon, Syria, Gaza na Ukingo wa Magharibi wako chini ya UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Palestina peke yao, lililoanza kazi Mei 1950. Tofauti si ya herufi tu: UNHCR hutakiwa pia kumtafutia mkimbizi ufumbuzi wa kudumu, ilhali UNRWA ilikabidhiwa shule, zahanati na chakula.

Sasa huo ukarimu. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ndilo lililopiga kura ya kuigawa Palestina Novemba 1947, na ndilo lililotamka Desemba 1948, katika azimio namba 194, kwamba wakimbizi wa vita vilivyofuata wanaotaka kurudi makwao na kuishi kwa amani na jirani zao waruhusiwe, na wasiotaka walipwe fidia. Hilo ni deni, na hadi leo hawajarudishwa wala kulipwa. Waliundiwa shirika la muda, ambalo muda wake umekuwa ukiongezwa hadi wajukuu wakazaliwa kambini, waliosajiliwa wakakaribia milioni 6, na bajeti yake, ukiondoa mishahara ya maofisa wachache wa kigeni, bado ni michango ya hiari. Marekani ilifunga mkoba 2018, ikaufungua 2021, ikaufunga tena Januari 2024 pamoja na nchi nyingine kadhaa, kwa tuhuma za Israel kwamba watumishi 12 wa UNRWA, kati ya takribani 30,000, walishiriki shambulio la Hamas la Oktoba 2023. Mtuhumiwa achunguzwe, na akipatikana na hatia aadhibiwe. Lakini mtoto anayesoma kambi ya Shatila, huko Beirut, amemkosea nani?

Swali hilo nililisikia kwa masikio yangu miaka ya tisini, nilipofundisha katika kambi moja mkoani Kigoma. Siku ya mgao, mama mmoja Mrundi, ambaye kadi yake aliifunga kwenye mfuko wa plastiki isilowe, alipimiwa mahindi nusu ya aliyozoea, akaambiwa wafadhili hawajaleta. Alinigeukia akaniuliza, “Mwalimu, huyo mfadhili tumemkosea nini?” Sikuwa na jibu, nikamsaidia kujitwika.

Tena, acheni kuandika “jumuiya ya kimataifa imeguswa” kana kwamba ni shangazi wa mtu. Itajeni nchi: nani aliahidi, nani ametoa, nani amekata.

Napendekeza posho za wajumbe wa Baraza Kuu, pamoja na chai na sambusa za mapumziko, zitokane na michango ya hiari, itakayotangazwa kila asubuhi kabla ya kikao. Siku ambayo mchango haukufika, mjumbe apange foleni na kadi yake mkononi, aambiwe arudi mwezi ujao.

Mwalimu mstaafu,
Kasulu