Mapishi ya sufuria ya presha yaelezwe kikamilifu

Mhariri,

Mimi ni msomaji wa siku nyingi wa ukurasa wako wa mapishi, na kinachonisukuma kuandika leo ni agizo fupi linalojirudia humo: pika kwenye sufuria ya presha kwa dakika 20. Aliyeizoea sufuria hiyo huelewa bila kuelezwa, lakini anayeanza, ambaye huenda aliletewa kama zawadi akaipandisha juu ya kabati kwa kuogopa mlio wake, haambiwi dakika hizo zihesabiwe kuanzia lini, aijaze kiasi gani, wala aifungue vipi.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Mara ya kwanza nilijaza maharagwe na maji karibu na ukingo, nikafunga na kuwasha moto mkali. Baada ya muda kizito cha juu ya mfuniko, kile kinachoketi kwenye tundu la mvuke, kiliacha kulia, nami nikadhani chakula kimeiva. Nikaipua, nikaanza kuuzungusha mfuniko kwa nguvu. Uligoma, na laiti ningeuheshimu mgomo huo! Uliposogea kidogo tu, povu la moto liliruka kwa ubavuni likaniunguza kifundo cha mkono. Baadaye, nilipouinua mfuniko kuelekea dirishani, sikuona mwanga kwenye tundu la mvuke: ganda moja la haragwe lilikuwa limeliziba, na nililitoa kwa sindano. Sufuria haikuwa na kosa lolote. Vyakula vinavyovimba na kutoa povu, kama maharagwe na nafaka, havipaswi kupita nusu ya sufuria, na vinginevyo visizidi theluthi mbili. Tangu siku hiyo sifuniki kabla ya kulichungulia tundu hilo, na kizito kikinyamaza ghafla wakati moto bado unawaka, nauzima na kusubiri sufuria ipoe yenyewe.

Hofu hupungua mtu akielewa kinachotendeka ndani. Katika sufuria ya kawaida, usawa wa bahari, maji yakifika nyuzi 100 za Selsiasi hayapandi tena hata ukichochea moto namna gani, kwa sababu joto la ziada huondoka na mvuke. Mvuke huo ukizuiwa, presha ya ndani hukaribia mara mbili ya ile ya hewa, na maji hufika takriban nyuzi 121, ndiyo maana chakula kigumu hulainika kwa muda mfupi sana. Wanaoishi milimani, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, huenda ndio wanaonufaika zaidi. Mfaransa Denis Papin, aliyebuni chombo hiki mwaka 1679, ndiye pia aliyekiwekea vali ya usalama, yaani kizibo kinachoachia mvuke presha inapozidi.

Kwa hiyo dakika huhesabiwa tangu presha inapokamilika, yaani kizito kinapoanza kucheza na kufoka mfululizo, wala si tangu sufuria inapobandikwa jikoni. Hapo moto hupunguzwa mpaka ubaki wa kukifanya kizito kiendelee kucheza taratibu, maana moto mkali hauongezi joto la ndani bali huyamaliza maji tu, na chakula kikaungua chini bila mpishi kuona. Kikombe kimoja cha maji, karibu mililita 250, ndicho kiasi cha chini katika sufuria nyingi, ingawa maelekezo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Unga wa kuufanya mchuzi uwe mzito husubiri mpaka sufuria ifunguliwe.

Namna ya kufungua nayo hutegemea chakula. Nyama huachwa nje ya moto mpaka presha ishuke yenyewe, kwa dakika 10 hadi 15 hivi, ili isikakamae. Mboga laini hutolewa mvuke mara moja zisije zikapondeka. Na chenye povu kisitolewe mvuke kwa haraka hata kama wageni wameshaketi. Mfuniko usiozunguka kwa wepesi bado una presha ndani.

Kwa anayeanza, ningependa ukurasa wako umshauri apike maji matupu kwanza: vikombe viwili, afunge, asikilize presha inavyopanda, apunguze moto, kisha asubiri na kufungua. Mvuke ukimponyoka pembeni mwa mfuniko, autazame mpira wake, kwani uliokakamaa au kupasuka hubadilishwa, haufungwi kwa kamba wala kitambaa.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba kila pishi la aina hii litaje kiasi cha kujaza, mahali pa kuanzia kuhesabu dakika, na namna ya kutoa mvuke. Vilevile liseme kama limepimwa kwa sufuria ya kubandika juu ya jiko au ya umeme, kwa kuwa nyingi za umeme hufanya kazi kwa presha ya chini kidogo na huhitaji dakika zaidi. Nafasi ikiwa finyu, picha ya sahani iliyopambwa ipunguzwe ili maelezo hayo yaenee.

Mpishi wa nyumbani